Nani Alipie Chuma Kilichoharibika?

Hoja iliyo mezani ni hii: vyuo vya Kisumu na vya ufuo wote wa Ziwa Victoria upande wa Kenya vinawaandaa vijana kwa kazi ambazo hazipo, ilhali kazi zilizopo hazina anayeandaliwa kwa ajili yake. Sauti nne zitaijadili. Hakuna mtu wa kweli anayesingiziwa humu. Wanne hawa nimewaunda mwenyewe, kutokana na maneno ambayo yeyote akishinda sokoni Kibuye, ufuoni Dunga au nje ya lango la chuo chochote mjini atayasikia kabla jua halijatua. Mwalimu ni mkufunzi wa ufundi katika chuo cha serikali. Fundi ana banda la kuchomelea vyuma Kibuye. Mama alianza na omena, sasa ana vizimba vya samaki. Mhitimu ana digrii ya biashara. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MHITIMU: Naomba nianze, kwa sababu hasara ni yangu. Nilisoma biashara miaka minne. Nikahitimu nikijua kupanga mikakati ya kampuni yenye wafanyakazi elfu moja, halafu nikarudi kuishi katika mji ambao biashara nyingi zina mwenye mali, mdogo wake, na kijana mmoja wa kubeba mizigo. Barua za kuomba kazi nilizipeleka mpaka walinzi wa mageti wakanijua kwa jina. Kazi ya kwanza kunilipa haikuhusiana na Kisumu hata kidogo: niliwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Kwetu ikiwa usiku wa manane, wale wa Marekani ndiyo kwanza wanatoka darasani. Nimeandika juu ya uuguzi, juu ya Shakespeare, juu ya bajeti za miji ambayo sitaiona.

MWALIMU: Binti yangu, hiyo haikuwa kazi. Ilikuwa kumsaidia mtu kuiba mtihani.

MHITIMU: Nakubali, Mwalimu. Mwaka 2022 Uingereza iliharamisha kabisa biashara hiyo. Lakini kodi ya chumba changu Migosi angeilipa nani? Tena hiyo ndiyo kazi pekee iliyotumia kila nilichofundishwa: kusoma haraka, kupanga hoja, kuandika Kiingereza kilichonyooka. Chuo kiliniandaa vizuri sana kuwa mwanafunzi! Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Mwaka uliofuata oda zikakauka. Mteja wangu wa muda mrefu aliniaga kwa adabu, akasema sasa kuna mashine inayomwandikia bure.

FUNDI: Pole, nyathina. Lakini mashine hiyo bado haijaja Kibuye kulala chini ya toroli.

MHITIMU: Usicheke mapema, jaduong'. Sufuria unazogonga wewe, na zile zinazoshushwa kutoka China, mteja anachukua zipi?

FUNDI: Anachukua za China, halafu ananiletea mimi nizizibe.

MAMA: Mkitaja China mnanigusa kidonda. Mimi ni mwana wa ziwa, mama yangu aliuza samaki, nyanya yangu aliuza samaki, na mimi hapa hapa Kisumu nimewahi kuuza ngege wa China waliogandishwa ndani ya katoni. Wateja walisema hawana ladha, wakanunua, kwa sababu bei ilikuwa chini na wa ziwani walikuwa hawapatikani. Kenya ina asilimia sita tu ya ziwa lenyewe. Wavuvi wameongezeka, nyavu zimeongezeka, gugumaji linaziba gati wiki nzima. Ndiyo maana nikaingia kwenye vizimba.

MWALIMU: Na huko ndiko vyuo vinaweza kukusaidia, Mama.

MAMA: Subiri nikueleze vilivyonisaidia. Chuo kimoja kililetea kikundi chetu kijana aliyesomea mambo ya samaki. Alimjua ngege kwa jina la Kilatini, akamjua na mbuta pia. Nikamwambia tupande mashua tukalishe. Akaniuliza kama mashua ina jaketi la kuokolea. Nikampa. Akaniuliza kina ni mita ngapi. Hakujua kuogelea, na katika miaka mitatu ya kusomea samaki hakuna aliyewahi kumuuliza.

(Kicheko. Mwalimu naye anacheka, ingawa si kwa muda mrefu.)

MAMA: Sikumfukuza. Alikuwa kijana mzuri na kichwa chake kilikuwa kizima. Lakini sikilizeni niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu nadhani huko vyuoni hamjaiona. Kizimba ni fremu inayoelea yenye wavu chini yake. Ndani kuna maelfu ya samaki wanaokula chakula cha kununua, na chakula hicho peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama zangu. Ukiwalisha kupita kiasi, pesa inazama ikawe mbolea ya gugumaji. Ukiwapunja, mwezi wa nane bado ni wadogo. Kisha kuna lile la kuogofya zaidi. Upepo ukivuma kwa namna fulani, maji ya chini hupanda juu, na yale ya chini hayana hewa. Oksijeni hushuka, hasa kuelekea alfajiri. Unaamka unakuta samaki wote wameelea, matumbo juu. Kuna watu ufuoni huku wamepoteza mamilioni ya shilingi usiku mmoja.

MHITIMU: Kwa hiyo unahitaji mtu wa aina gani?

MAMA: Nahitaji mtu wa kuwa kwenye maji saa kumi usiku na kipima oksijeni mkononi, ajue namba ipi ni ya kulala na namba ipi ni ya kuniamsha. Ajue kwamba siku hiyo tusiwalishe, kwa maana samaki aliyeshiba hutaka hewa zaidi. Ajue kuvuta kizimba kwenda kwenye maji yenye kina. Asubuhi ajue kuandika hesabu: kilo ngapi za chakula zimetoa kilo ngapi za samaki. Na friji langu la sola likizima ajue kama tatizo ni betri au ni waya. Kazi hiyo haikuwepo nilipokuwa msichana. Ninyi mna kozi ya samaki, kozi ya umeme, kozi ya biashara. Mtu wangu yuko kozi gani?

MWALIMU: Hayuko. Na nitakuambia kwa nini nasita kumtengeneza.

MAMA: Niambie.

MWALIMU: Mjomba wangu alifuma Kicomi. Nyote mnakumbuka Kicomi, kiwanda cha pamba cha Kisumu, cha miaka ya 1960. Mjomba aliujua mtambo mmoja wa kufumia kuliko alivyomjua mke wake. Ilipofika miaka ya 1990, pamba ikawa imedorora, milango ya biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na kiwanda kikafa. Ujuzi wa mjomba wote ulibaki ndani ya geti. Sasa Mama ananiambia nimfundishe kijana kizimba. Kesho serikali ikiondoa vizimba ziwani, au ugonjwa ukiingia, kijana huyo aende wapi? Chuo hakiwezi kukimbia nyuma ya kila kazi inayochipuka. Kinachodumu ni msingi: hesabu, fizikia, kusoma mchoro, kuandika ripoti. Tom Mboya wa Rusinga alisomea ukaguzi wa afya. Alifundishwa mambo ya usafi wa mji. Je, chuo kilimwandaa kuongoza vyama vya wafanyakazi, kisha kuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi?

FUNDI: Mwalimu, mfano huo unakugeukia. Mboya alipohitimu, Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilimwajiri kazi ile ile aliyosomea. Geti lilikuwa wazi. Akaingia, akajuana na wafanyakazi, ndipo akawaongoza. Hawa wa kwetu mnawapa msingi, na nyumba inajengwa wapi?

MHITIMU: Tena Mwalimu, ukitaja Kicomi niruhusu niulize. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2018 mradi wa vyuo vya ufundi kwa Kenya, Tanzania na Ethiopia, na Politekniki ya Kitaifa ya Kisumu ikateuliwa kuwa kituo cha kanda cha teknolojia ya nguo. Kituo cha nguo, katika mji uliozika kiwanda cha nguo!

MWALIMU: Ungependa kiwe cha nini? Rivatex ya Eldoret nayo ilikufa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikafunguliwa upya. Athi River kuna viwanda vinavyoshona nguo za kupeleka Marekani. Hata fundi cherehani wa hapa Kibuye anayekata kitambaa kwa jicho anaweza kujifunza kuchora ruwaza kwa kompyuta asipoteze robo ya mita kila shati. Usiseme nguo zimekufa. Kilichokufa ni kiwanda kimoja.

MHITIMU: Viwanda hivyo vya Athi River vinaishi kwa AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, inayohuishwa au kuachwa Washington. Mwanafunzi wako anaingia mwaka wa kwanza sheria ipo, anahitimu haipo.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema msingi.

Hapa naingia. Nimewasikiliza Mwalimu na Mama, na kila mmoja ananishawishi mpaka mwingine anapofungua kinywa. Kinachonisumbua ni umri wa mjadala wenyewe. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti juu ya vijana wanaomaliza shule ya msingi wasijue la kufanya, na kutoka hapo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi wa Nyanza, kama wenzao wa mikoa mingine, walichanga pesa za harambee kujenga taasisi ya teknolojia. Ndiyo Ramogi, RIAT, inayosimama hadi leo nje kidogo ya mji. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ukaja, ukaiambia serikali kwamba wale mafundi wa vibandani inaowafukuza ndio uchumi wenyewe. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, wazazi wakajengeshwa karakana ambazo nyingine ziliishia kuwa stoo za madawati mabovu. Mwaka 2017 ukaja mtaala wa umilisi, na vyuo vya ufundi navyo vina mfumo wao wa umilisi. Kila mara ugonjwa uliotajwa ni ule ule, kwamba shule hazifundishi kazi, na dawa ni ile ile: badilisha mtaala.

Dawa inayotolewa kwa miaka sitini bila mgonjwa kupona huenda si dawa. Nadhani tumependa kubadilisha mitaala kwa sababu mtaala hauna mwenyewe wa kubisha; ni karatasi. Muulizeni Fundi anachohitaji mtu ili ajue kazi, mtaona kama atataja mtaala.

FUNDI: Anahitaji kuharibu chuma.

MHITIMU: Vipi?

FUNDI: Kuchomelea hakufundishwi kwa mdomo. Mkono lazima utetemeke mpaka uache kutetemeka. Mwanagenzi, mwanzoni kabisa, nampa vipande vya skrapu. Anatoboa. Anaacha uvimbe. Elektrodi inagandia. Baada ya miezi kadhaa nampa dirisha la mteja, naye analipindisha, na mimi nakaa usiku nalirudia. Umeme ni wangu, elektrodi ni zangu, chuma ni changu na mteja ni wangu, naye ananinunia. Nimewafundisha vijana wengi hapo Kibuye. Kila mmoja alinigharimu kabla hajanifaa, na wengi walipoanza tu kunifaa wakafungua banda lao mita hamsini kutoka langu.

MAMA: Wakakunyang'anya na wateja.

FUNDI: Wateja wakawafuata wenyewe. Siwalaumu, hata mimi nilimfanyia hivyo aliyenifundisha. Lakini sasa vyuo vinaniletea wa diploma, miezi mitatu ya atachimenti, ya kujifunza kazini, na barua yenye muhuri. Kijana amesoma miaka mitatu na ukimtazama anavyoishika koleo unajua chuoni elektrodi zinagawanywa kama sakramenti.

MWALIMU: Zinagawanywa hivyo, omera, sitakudanganya. Darasa langu lina vichwa vingi kuliko mashine. Pesa za serikali za kila mwanafunzi zikichelewa, kitu cha kwanza kukatwa ni vifaa vinavyoisha: chuma, gesi, elektrodi, uzi, mafuta ya mashine ya kukereza. Mishahara haikatwi, chaki haikatwi. Kwa hiyo namfundisha kijana nadharia ya kuchomelea kwa undani wa kutosha, halafu namtuma kwako ukamharibie chuma chako badala ya changu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Wakati wa reli ya zamani, swali hili lilikuwa na jibu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na karakana yake ikawa inaunganisha meli zilizoletwa vipande vipande kutoka Uingereza, kwa mikono ya mafundi waliotoka Punjab na baadaye ya vijana wa huku. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa kubwa kiasi cha kumeza uzembe wa wanagenzi wake. Toka 1956 lilikuwa na chuo chake Nairobi. Kijana alikuwa akiharibu chuma cha shirika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya shirika iligawanywa, vichwa vya treni vikahesabiwa, ila sijasikia aliyehesabu kwamba mlipaji wa makosa ya wanagenzi naye ametoweka. Viwanda vya sukari vya Miwani, Chemelil na Muhoroni vilibeba sehemu ya mzigo huo, navyo vikaanza kuyumba kimoja kimoja. Chemelil na Muhoroni vimekodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2025. Mzigo ukaporomoka mpaka Kibuye, kwa mtu mwenye mashine moja ya kuchomelea na tokeni za umeme zinazokaribia kuisha.

Na Kibuye ndiko kazi zilikokwenda. Takwimu za serikali zinasema mwaka 2024 zilipatikana nchini nafasi mpya za kazi 782,300, ukiacha kilimo kidogo, na 703,700 kati ya hizo zilikuwa za jua kali, zile zisizo rasmi. Tisa kati ya kumi. Tukiongea juu ya kuwaandaa vijana kwa “soko la ajira” huku tumevaa picha ya ofisi kichwani, tunajadili ile moja iliyobaki.

MWALIMU: Lakini hiyo moja iliyobaki usiidharau. Pale bandarini imeundwa MV Uhuru II, meli ya mita 100, na Kenya Shipyards, kampuni ya serikali, kwa kushirikiana na Damen ya Uholanzi. Imeundwa hapa, kwa mikono ya hapa. Mshono wa meli si mshono wa dirisha, omera. Mshono wa meli hupimwa, hupigwa picha ndani, na anayeshona lazima awe na cheti kinachosema amejaribiwa kwa aina ile ya chuma na kwa mkao ule. Meli ikibeba mabehewa ya mafuta kwenda Uganda, huwezi kusema fundi wetu ana mkono mzuri, majirani wanamjua.

FUNDI: Vijana wangu wawili wako humo ndani. Wa diploma. Walikuja kwangu mikono inatetemeka. Mimi nikifika getini naambiwa nilete vyeti.

MWALIMU: Fanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Na sasa kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya ile mamlaka ya vyeti iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Huhitaji kukaa darasani na watoto.

FUNDI: Nimeambiwa nipeleke ushahidi wa kazi zangu. Ushahidi wangu ni mageti ya nusu ya mtaa wa Manyatta. Nitayang'oa niyabebe?

MHITIMU: Picha zinatosha, jaduong'. Nitakusaidia kuzipanga, hiyo si kazi ngumu. Ila nami nina swali kwako. Banda lako lina choo?

FUNDI: Choo?

MHITIMU: Chuoni kwa Mwalimu wamo wasichana wanaosomea kuchomelea. Nina rafiki mmoja wapo. Alipotafuta atachimenti, kampuni moja ilimkaribisha, akakaa miezi mitatu akipika chai na kupeleka faili, kisha wakampigia muhuri kwenye logibuku kwamba amechomelea. Ya pili ilikuwa jua kali, na choo cha karibu ni cha kulipia sokoni, na bosi alikuwa na mikono mirefu. Akarudi kwenye chai. Mnaposema kijana akajifunze kazini, mnaona kijana gani?

(Fundi anajibu kwamba choo cha sokoni ni shilingi kumi. Mama anamtazama mpaka anayafuta maneno yake mwenyewe.)

MAMA: Kwenye mashua ni hivyo hivyo, dada zangu wanajua. Kila siku biashara ya samaki inasemwa ni ya wanawake, na kila chombo kinachoelea kimetengenezwa kama vile mwanamke hatakipanda.

MWALIMU: Wizara sasa inasukuma mfumo wa Kijerumani, wa pande mbili: nusu ya muda chuoni, nusu kazini, kuanzia mwanzo badala ya miezi mitatu ya mwisho. Umezungumzwa sana. Mimi naukubali kimsingi.

Nami naukubali, kwa shaka moja ambayo sijaona ikijibiwa. Ujerumani anayempokea mwanagenzi ni kampuni yenye mkufunzi wake na karani wake, na mwanagenzi hulipwa na kampuni. Huku ufuoni mwa ziwa anayempokea ni Mama na Fundi. Kisheria kuna ada ya mafunzo ya viwandani: mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, zinakwenda NITA, na mwajiri aliyewapeleka watu wake mafunzoni anaweza kudai kurudishiwa gharama. Shilingi 50 za leo ni chai na chapati. Na anayeweza kudai kurudishiwa ni yule aliye kwenye daftari, mwenye risiti na karani wa kuzijaza fomu. Fundi hayumo daftarini, kwa hiyo hailipi ada wala haimfikii. Anayefundisha wengi zaidi ndiye mfuko wa mafunzo usiyemwona.

Kama ningekuwa na kura moja ningeipeleka hapo kabla ya kuipeleka kwenye mtaala wowote. Mwalimu ana haki kuogopa kumfungia kijana kwenye kizimba kimoja, na Mama ana haki kuchoka na vijana wasiojua kuogelea. Lakini hofu zote mbili zingepungua kama kijana angeweza kuharibu chuma cha sehemu tatu tofauti kabla ya kuhitimu, kwa gharama ya mtu mwenye uwezo wa kuibeba. Atakayefanya kazi kwa Mama, kwa Fundi na bandarini hatafungiwa na geti lolote likifungwa. Msingi anaoutaka Mwalimu haujengwi darasani peke yake. Hujengwa pale kijana anapoona oksijeni ya kitabuni ndiyo ile ile inayoua samaki, na mkondo wa umeme wa kitabuni ndio ule unaotoboa bati. Upande wa akili mnemba sina la kuongeza sana. Imemtoa Mhitimu kwenye kazi ambayo mwenyewe hakuitaka, na itawatoa wengine kwenye kazi walizozitaka. Chuo kinachodai kujua ni zipi kinauza utabiri.

MAMA: Umemaliza, mwandishi? Kwa sababu mimi nina la kutenda. Mwalimu, nitachukua vijana wawili. Mmoja awe msichana, nitampa chumba kwangu. Waje usiku, maana mchana hakuna wanachoweza kujifunza kuhusu hewa ya maji. Na wafundishwe kuogelea kabla hawajafika.

MWALIMU: Bima ya atachimenti inalipiwa na mwanafunzi, na sijui kama inafunika usiku juu ya maji. Na mkaguzi wetu anayekwenda kuwatazama hufanya kazi mpaka saa kumi jioni.

MAMA: Basi aje saa kumi ya alfajiri. Saa ni ile ile.

FUNDI: Na kwangu? Nitapokea watatu, lakini nilipwe. Si mshahara wa mwalimu, nimeelewa. Nilipwe chuma na elektrodi.

MWALIMU: Nikipeleka ombi hilo kwa mhasibu wa chuo, ataniuliza mwanafunzi mmoja anaharibu chuma cha shilingi ngapi. Nimjibu nini? Nimefundisha miaka yote hii na sijawahi kuona hesabu hiyo imeandikwa mahali.

MHITIMU: Ngoja, hiyo naiweza. Nipeni miezi miwili bandani na miezi miwili kwenye vizimba. Kila kipande kilichotobolewa, kila tokeni, kila saa Fundi aliyoacha kazi ya mteja kumwelekeza mtoto, kila mfuko wa chakula uliomwagwa vibaya. Na upande wa pili, kila dirisha alilolitengeneza likauzika. Tutajua mwanagenzi anaanza kulipa mwezi wa ngapi.

MAMA: Na wewe nani anakulipa?

MHITIMU: Wewe, Mama. Samaki wa Jumamosi na nauli ya tuktuk.

FUNDI: Chuma kilichoharibika utakiandika kwa bei gani?

MHITIMU: Bei uliyokinunulia.

FUNDI: Hapo tumeelewana.

MHITIMU: Halafu nitatoa pesa uliyopata ulipokiuza skrapu kwa kilo.

FUNDI: Nani amekuambia nakiuza?

MHITIMU: Nimekaa bandani kwako tangu asubuhi, jaduong'. Mwenye mkokoteni amepita mara mbili.

FUNDI: Mwalimu, huyu mrudishe chuoni.